Uji wa Kipupwe Huanza Jioni

Mwezi Juni ukishaingia, mtu wa Makete haachi blanketi kwa hiari. Nyasi za nje zimepigwa na sakitu, maji ya ndoo yanauma vidole, na mtoto wa shule yuko njiani kabla jua halijapata nguvu. Hali ni hiyohiyo Njombe, Mufindi na Lushoto, na ndugu zetu wa Limuru, Kinangop na Kabale wanaijua vilevile. Kipupwe kitakaa hadi Agosti, na kila asubuhi ya miezi hiyo nyumba nyingi hukikabili kwa chai ya rangi yenye sukari nyingi na kitu cha unga mweupe pembeni: andazi, chapati, kipande cha mkate. Saa nne haijafika, njaa imesharudi. Sukari na unga uliokobolewa humeng'enywa upesi, na mwili unaopigana na baridi haukai muda mrefu juu ya chakula cha namna hiyo.

Kifungua kinywa cha kipupwe ni uji wa nafaka nzima. Nausema uji huu kwa watu wazima wenye afya zao, kwa fundi anayepanda juu ya paa na kwa mchuma chai. Tumezoea kuuachia wagonjwa, watoto na wazazi waliotoka kujifungua, kisha tukashangaa kwa nini sisi wenyewe tunafika kazini tumechoka. Wengi waliouacha waliuacha kwa sababu walioonjeshwa ulikuwa mbaya: una mchanga, una madonge, unanuka unga mbichi, au umechanganywa vitu kumi hata haujulikani ni uji wa nini. Karibu makosa hayo yote hutendeka kabla sufuria haijabandikwa. Anayeamka saa kumi na moja ndipo akaanza kufikiria uji amekwisha kuchelewa. Uji wa asubuhi ya baridi huandaliwa jana yake, na sehemu nyingine ya kazi hufanywa wiki moja kabla, sokoni na mashineni.

Tuanze na nafaka. Ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua ulezi, au wimbi kwa msomaji wa Kenya. Ni nafaka ya kwetu hasa. Ililimwa kwanza katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda, maelfu ya miaka kabla mahindi hayajavuka bahari kutoka Amerika. Punje yake ni ndogo mno kiasi kwamba kuikoboa ni tabu, na hiyo ndiyo faida yake: ukiusaga, vyote vinaingia kwenye unga, ganda, kiini na wanga. Madini ya chokaa katika gramu 100 za ulezi yanazidi miligramu 300, wakati mahindi hayafikii hata 20. Kwa mtoto anayeota mifupa na kwa mama aliyezaa mara kadhaa, tofauti hiyo si ndogo. Isitoshe, ulezi mkavu hukaa ghalani miaka kadhaa bila kushambuliwa sana na wadudu, jambo ambalo wazee wa Rukwa na Ruvuma walilijua kabla ya dawa za kuhifadhia kuja madukani.

Baada ya ulezi naweka mtama. Hapa rangi ina maana. Mtama mweupe una ladha ya upole na uji wake hukubalika hata kwa mtoto mchaguzi. Mtama mwekundu mara nyingi una tanini, ndiyo ule ukakasi unaoukaza ulimi, na tanini hiyo hushikana na protini na madini ya chuma tumboni, mwili ukakosa sehemu yake. Usiutupe, lakini usiupike hivihivi. Watu wa Kigezi, ambako baridi ni ya kweli, huuotesha au kuuchachusha kwanza, na bushera yao ni kinywaji cha heshima. Uwele wa Dodoma na Singida una mafuta mengi kuliko ndugu zake na una utamu wake wa pekee, ila mafuta hayohayo huufanya unga wake uchache na kuwa mchungu ndani ya siku chache. Ukiupenda, saga wa wiki moja tu. Dona nalo ni nafaka nzima, na aliye na mahindi tu nyumbani asijione amekosa kitu; achanganye na ulezi nusu kwa nusu apate uji wenye mwili na ladha.

Nusu kwa nusu, nafaka mbili basi. Natamka hivyo kwa sababu sokoni utauziwa unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, wakati mwingine na mbegu za maboga na dagaa waliosagwa humohumo, na muuzaji atakuhesabia kila kimoja kwa vidole kana kwamba wingi wenyewe ndio lishe. Wataalamu wa lishe nchini wamelikemea hili kwa miaka mingi na wana haki. Mchele uliokobolewa na ngano nyeupe haziongezi chochote ambacho ulezi hauna. Zinaongeza wanga tu. Soya isipochemshwa vizuri na kukaushwa kabla ya kusagwa huwa na viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na uji unaochemka dakika 10 hautoshi kuviua. Karanga na soya zina mafuta, na mafuta yakishaharibika mfuko mzima wa unga unaharibika nayo, ulezi wako mzuri ukiwemo.

Karanga zina jambo jingine zito zaidi. Ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huacha sumukuvu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwake, na mwaka 2016 janga la namna hiyo liliwapata wakazi wa Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Ikishasagwa ndani ya unga haionekani, hainuki, na huna tena nafasi ya kuchagua punje mbovu. Kwa hiyo karanga zinunue zikiwa nzima, zichambue kwa mkono kwenye ungo, tupa iliyosinyaa, iliyopasuka na yenye rangi ya kijani au nyeusi, kisha zikaange na uzitwange za siku hiyo. Zitaingia kwenye bakuli mwishoni. Mahindi ya dona nayo yachambuliwe hivyohivyo kabla ya kwenda mashineni.

Sasa kusafisha, kazi ambayo wengi huikimbia. Ulezi hupurwa chini, na mchanga wa uwanja huja nao hadi sokoni. Upepete kwanza uondoe makapi. Kisha utie kwenye sufuria kubwa, ujaze maji, uvuruge kwa mkono, na umimine ulezi pamoja na maji taratibu kwenda chombo cha pili, ukiacha kile kinachobaki chini, maana ndio mchanga wenyewe. Rudia, chombo hadi chombo, mpaka ukipapasa chini ya sufuria vidole visikute kitu. Mara tatu au nne kwa kawaida zinatosha. Usione ni kazi nyingi; chembe moja ya mchanga kwenye jino humfanya mtu aukatae uji mwaka mzima.

Katika kipupwe kukausha kunataka subira. Ukungu wa asubuhi hauondoki mapema nyanda za juu, kwa hiyo usianike kabla ardhi haijakauka, tandaza tabaka jembamba juu ya turubai safi, na ingiza ndani jua linapoanza kulegea. Ng'ata punje: ikikatika kwa sauti imekauka, ikibonyea, bado. Nafaka yenye unyevu ikisagwa unga wake hupata joto mfukoni na kuvunda.

Mashineni sema wazi kwamba unasaga bila kukoboa. Kama mwenye mashine ana chujio zaidi ya moja, omba lenye matundu makubwa kidogo. Unga laini kama poda hutoa uji unaoteleza vizuri, lakini chengachenga ndogo hufanya uji ushibishe zaidi kwa sababu tumbo huchukua muda kuzimeng'enya. Unga wa mwanzo unaotoka ni mabaki ya mteja aliyekutangulia. Upokee kando uwape kuku. Na usisage debe zima. Nafaka nzima inabeba kiini chenye mafuta, na punje ikishavunjwa mafuta hayo hukutana na hewa. Saga kilo 2 kwa familia ya watu watano, uache upoe ukiwa wazi, ndipo uufunge kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukiisha, saga tena. Zilizobaki zikae punje.

Jioni sasa. Chukua kikombe kimoja cha unga, kikombe cha chai cha kawaida, na vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakabaki na uvuguvugu. Koroga mpaka pasiwe na donge hata moja. Kazi ya kuondoa madonge hufanyika hapa, kwenye maji yasiyo moto. Unga mkavu ukitupwa kwenye maji yanayochemka, wanga wa nje huiva papo hapo na kuwa kama utando, ukafungia ndani unga mkavu ambao maji hayatauona tena hata upige kwa kipekecho mpaka mkono uchoke.

Mchanganyiko huo ufunike kwa kitambaa na uuache. Kama hupendi uchachu, usiku mmoja mahali pa baridi unatosha kulainisha chenga, na asubuhi unapika. Lakini ombi langu ni kwamba ujaribu kuuchachusha. Ongeza vijiko viwili vya uji mbichi uliochachuka wa safari iliyopita, au kama ndiyo mara ya kwanza uache tu wenyewe, na uweke karibu na mafiga yaliyobaki na joto la jioni, au ndani ya hotipoti. Dar es Salaam au Mombasa usiku mmoja unatosha kabisa. Njombe mwezi Julai, usiku mmoja mara nyingi hautoshi. Upe wa pili bila wasiwasi. Utajua umekuwa tayari kwa harufu ya uchachu safi inayofanana na ya mtindi na vipovu vidogo juu yake. Ukiona ukungu wa kijani au waridi, au harufu ya kuoza, mwaga wote, osha chombo kwa maji yanayochemka, anza upya.

Uchachu huo ni kazi ya bakteria wazalishao asidi ya laktiki, jamaa wa wale wa maziwa mgando. Asidi wanayotoa huwafukuza vijidudu vingi vya kuharisha. Pia ganda la nafaka lina fitati, kemikali inayoshikilia madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini, na kuchachusha huipunguza fitati hiyo. Kwa hiyo mtu anayekula nafaka nzima bila kuiloweka wala kuichachusha anapata shibe, lakini sehemu kubwa ya madini aliyoyalipia inapita tu. Mababu hawakujua neno fitati, na bado togwa ilikuwa kwenye kila kata. Watafiti waliofanya kazi na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990 waliichunguza togwa na uji uliochachushwa kwa makini, na walikuta watoto wanaounywa wana vijidudu vichache zaidi vya kuharisha kwenye choo chao. Sijui kwa nini jambo lililothibitishwa hapahapa nyumbani halipigiwi kelele kuliko makopo ya nafaka za kigeni.

Asubuhi bandika vikombe vinne vya maji na chembe ya chumvi. Yakitokota, koroga mchanganyiko wako kwanza, kwa maana unga umetulia chini, ndipo uumimine kwa mkondo mwembamba huku mwiko ukizunguka bila kusimama. Usiuache mwiko mpaka uji uwe mzito na uanze kurusha matone. Hapo punguza moto mpaka uwe mdogo kabisa, funika ukiacha upenyo, na urudi kukoroga kila baada ya dakika mbili tatu ili usishike chini. Uji utatosha watu wanne.

Muda gani? Hapa ndipo watu wa nyanda za juu hudanganywa na maelekezo yaliyoandikwa pwani. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Dar es Salaam yanachemka kwa nyuzi 100. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwa nyuzi 93 hivi, na ukizidisha moto hayapandi zaidi ya hapo, yanakauka tu. Uji unaoiva Tanga kwa dakika 15 Njombe unataka dakika 25, na uliosagwa kwa chenga unataka hata 30. Uliochachushwa huiva mapema kidogo. Usiamini saa peke yake. Onja: uji mbichi huacha hali ya chaki nyuma ya ulimi na una harufu ya mashine ya kusaga, ulioiva una harufu ya nafaka iliyookwa na unashuka koo bila kukereketa. Rangi ya ulezi nayo hubadilika, kutoka kijivu cha udongo kuwa kahawia iliyokolea. Ukiwa mzito kuliko unavyopenda, ongeza maji ya moto, kamwe si ya baridi, na uuache uchemke tena dakika tatu.

Mwenye mashaka juu ya mkaa na gesi ana njia. Chemsha uji dakika 10 tangu umeanza kutokota, umimine ukiwa bado unachemka ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, funga, na uende ukajiandae. Baada ya nusu saa utakuta umeiva wenyewe, na chupa ikijaa vizuri utabaki wa moto kwa aliyelala akachelewa kuamka.

Chupa hiyohiyo inafungua mlango wa uji ambao naupenda kuliko wote, ule wa punje nzima ambazo hazikusagwa kabisa. Mtama mweupe, ngano nzima ile ambayo watu wa pwani huinunua kwa bokoboko, au shayiri yenye ganda lake la ndani, vyote vinafaa. Shayiri ya madukani mara nyingi imekobolewa ikawa nyeupe na laini kama lulu. Inapikika upesi lakini si nafaka nzima tena, kwa hiyo tafuta ya kahawia. Loweka kikombe kimoja tangu mchana. Usiku chuja, tia vikombe vinne vya maji mapya, chemsha kwa nguvu dakika 20. Wakati huo chupa iwe imejazwa maji ya moto ili kuta zake zipate joto. Mwaga hayo maji, mimina nafaka na supu yake ikiwa inatokota, ijaze mpaka karibu na mdomo, funga. Asubuhi utakuta punje zimevimba na kupasuka. Zirudishe motoni zichemke dakika 10 hadi 15, ongeza maziwa, zipondeponde kidogo kwa mwiko ukitaka uzito.

Angalizo moja kubwa. Chakula kinachokaa vuguvugu usiku kucha huota bakteria, na baadhi yao huacha sumu isiyokufa kwa kuchemsha tena. Ukifungua asubuhi na mvuke mwingi ukakupiga usoni, uko salama. Ikiwa nafaka ina uvuguvugu tu, imwage, na ujue chupa yako imechoka haifai kwa kazi hii. Maziwa yasitiwe usiku hata kidogo. Mwenye sufuria ya presha anaweza kuruka usiku wote huo: ngano iliyolowekwa huiva kwa muda wa nusu saa, na presha ndiyo dawa pekee ya kweli ya ule udhaifu wa maji ya milimani, kwa sababu inayalazimisha yapite nyuzi 100.

Cha kutia ndani ya bakuli kinategemea uliko. Njombe kuna parachichi, na nashangaa mtu kuliuza lote kwa wanunuzi wa nje asibakize nusu kwa uji wa mwanawe. Liponde, ulikoroge ndani ya uji uliokwisha epuliwa, na hutahitaji siagi. Penye ng'ombe kuna samli na maziwa. Maziwa yachemshwe kando na kutiwa mwishoni, kwani yakipikwa pamoja na uji tangu mwanzo yanaunguza chini ya sufuria. Karanga zako zilizochambuliwa zinaingia hapa. Pwani uji wa mtama hupewa tui la nazi, iliki na pilipili manga, na wakati wa baridi pilipili manga na tangawizi zina nafasi yao kokote. Utamu ukitakiwa, tende zilizokatwakatwa au sukari guru hukaa vizuri na ulezi. Sukari nyeupe ikizidi kijiko kimoja kwa bakuli unarudi kulekule kwa chai na andazi.

Ndimu katika uji husaidia mwili kupokea madini ya chuma, na pera likiliwa pembeni lina kazi hiyohiyo. Ila usitie ndimu na maziwa kwenye bakuli moja, yatakatika, chagua kimoja. Na chai? Chai na kahawa huzuia chuma kile ulichohangaika nacho tangu juzi jioni. Isubiri saa moja. Najua ombi hili ni gumu kwa mtu aliyezaliwa Mufindi katikati ya mashamba ya chai, lakini mama mjamzito na binti aliyevunja ungo walitimize.

Mwenye kisukari ale uji wa punje nzima au wa chenga, mzito, bila sukari, na apime damu yake aone unavyompokea. Uji mwepesi wa unga laini hupandisha sukari haraka hata kama nafaka ni nzima.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, kosa kubwa nyumbani ni uji mwepesi kama maji. Tumbo lake ni dogo; likijaa maji limeshajaa. Uji wake ukiinamisha kijiko usimwagike upesi. Kama mzito unamshinda kumeza, tumia kimea cha ulezi, njia ambayo Taasisi ya Chakula na Lishe iliitangaza miaka hiyo ya 1980. Kijiko cha chai cha unga wa kimea kikikorogwa ndani ya bakuli la uji mzito uliopoa kidogo, usiochemka, hulegeza uji ule ndani ya dakika chache bila kuongeza tone la maji. Kisha urudishe motoni uchemke mara moja kuua vijidudu. Moshi na vijijini mwake kimea cha ulezi kiko sokoni kwa ajili ya pombe ya mbege. Kinunue penye usafi. Ukiotesha mwenyewe, otesha ulezi na si mtama, kwani machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi na ni lazima yapukutishwe yote. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Wapo wasomaji wetu walioko Toronto, Minneapolis na Oslo, ambako kipupwe chetu kingeitwa majira ya joto. Hamna sababu ya kuletewa unga kwenye mabegi. Maduka ya Wahindi huuza ulezi kwa jina la ragi, mtama kwa jina la jowar na uwele kwa jina la bajra, na mwenye duka anayeuza haraka ndiye wa kununuliwa, kwa sababu ya yale niliyosema kuhusu unga kuchacha. Ukipendelea shayiri ya kizungu, ile iitwayo oti, chukua iliyokatwakatwa kwa kisu badala ya iliyobanwa ikawa kama karatasi, uiloweke jioni kama ulezi.

Mwisho ni la jiko lenyewe. Uji wa dakika 25 ni mkaa wa dakika 25, na asubuhi ya baridi mkono huenda wenyewe kufunga dirisha. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi kuna watu wanaolala nayo wasiamke. Kichwa kikianza kuuma na miguu kulegea ukiwa jikoni, toka nje mara moja, na utoe wengine. Pika barazani, au acha mlango na dirisha wazi hata kama upepo unachoma, na jiko lisiingizwe chumbani kupasha watoto joto baada ya uji kuiva. Wapeni watoto blanketi la pili.